Unaumwa Wapi? Majina ya Mwili wa Binadamu

Ndugu msomaji, hukubahatika kukaa karibu na redio jioni ile, na sasa umeshika karatasi hii mkononi. Somo letu ni majina ya mwili wa binadamu. Najua mtu mzima ataguna: "Mimi nina wajukuu, leo nifundishwe pua na masikio?" Subiri kidogo, mzee wangu. Pua na masikio nimewaachia watoto wa darasa la kwanza. Nataka tuzungumze juu ya majina yale ambayo mtu mzima anadhani anayajua, na kwa kudhani hivyo anamponza mgonjwa wake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa kijana, nimetoka shule na kujiona msomi, jirani yetu mmoja aliugua, bibi mzee wa Kimakonde. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Wanawe walikuwa mbali kazini, basi mama yangu akaniambia, "Msindikize bibi yako zahanati, ukamsemee." Njia nzima bibi alikwenda amejikunja, ngumi ameibana chini ya kifua. Tulipofika, mganga akauliza, "Bibi anaumwa nini?" Bibi akasema kwa lugha yake ya kuwa ntima wake unamchoma. Mimi, bila kufikiri, nikasema, "Moyo unamchoma." Na neno lenyewe sikulikosea, maana ntima ni moyo. Mganga akatwaa chombo chake, akausikiliza moyo, akapima mapigo, akasema moyo wa bibi unapiga vizuri kuliko wa kijana aliyemleta. Tukacheka wote watatu. Bibi akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, tukarudi nyumbani.

Siku ya tatu akatapika damu nyeusi, mfano wa masimbi ya kahawa chini ya kikombe. Ikatafutwa gari, akapelekwa hospitali, na huko ikajulikana ya kuwa ana kidonda ndani ya tumbo la chakula. Tena tukaambiwa vidonge vile vya maumivu ni adui mkubwa wa kidonda cha namna hiyo. Alipona, namshukuru Mungu. Walakini ngumi yake ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, nami mkalimani ndiye niliyeisemea uwongo.

Pale alipobana ngumi, Waswahili wanapaita chembe cha moyo. Jipapase sasa hivi. Shuka na kidole katikati ya kifua, juu ya mfupa. Mfupa ukiisha utaona kishimo laini, mbavu za huku na za huku zikiachana kama mapaa mawili ya nyumba. Hicho ndicho chembe cha moyo. Jina lina moyo ndani yake, lakini moyo haupo hapo. Moyo uko juu zaidi, nyuma ya ule mfupa wa kati ya kifua, umeelemea kidogo upande wa kushoto, na ukubwa wake yapata ngumi ya mwenyewe. Nyuma ya chembe cha moyo kuna tumbo la chakula. Kama siku ile ningesema, "Bibi anachomwa hapa, penye chembe cha moyo, na akila anaona tofauti," mganga angeshika njia nyingine kabisa.

Sisi watu wa huku tuna hatari hii zaidi kwa sababu tunaishi katika lugha nyingi. Moyo kwa Myao ni mtima, kwa Mmakonde ni ntima, kwa Mmakua ni murima. Na hata washairi wa pwani hutumia neno mtima katika tenzi zao. Mtu akisikia maneno yanafanana hivyo, hudhani na maana yake haiwezi kupotea njiani. Kazi ya kuyakusanya maneno haya si ya jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na mwaka huo huo yakachapwa huko Unguja maneno ya Kimakonde aliyoyakusanya. Ya Kiyao alikwisha kuyachapa mwaka 1871. Baadaye wakaja waganga wa hospitali. Wamisionari Wabenedikto walifika Ndanda mwaka 1906, na huko ikainuka hospitali ambayo hata leo watu wa wilaya nyingi wanaikimbilia. Dakitari Leader Stirling alifika mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi miaka mingi, na mwishowe akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 mpaka 1980. Nadhani kila mganga wa namna hiyo ilimlazimu kuuliza mara elfu, "Unaumwa wapi?" Na mara elfu akajibiwa, "Tumboni."

Basi tujifunze kujibu vizuri kuliko hivyo.

Jambo la kwanza si jina, ni namna ya kusimama. Mwalimu wa kundi amwombe mtu mmoja asimame mbele ya wenzake. Wewe msomaji uliye peke yako, simama wewe. Simama wima, uso umetazama mbele, miguu pamoja, mikono imening'inia ubavuni, na viganja vimegeuka mbele, kama mtu anayeonyesha ya kuwa hakuficha kitu. Waganga wa dunia nzima, wanapotaja mahali penye mwili, humfikiri mtu aliyesimama hivyo, hata kama mgonjwa amelala kifudifudi. Kwa nini viganja vigeuzwe mbele? Geuza kiganja chako nyuma, uone kidole gumba kinavyohama kutoka upande wa nje wa mkono kwenda upande wa ndani. Mkono haukubadilika, ila maneno "nje" na "ndani" yamebadilika, na watu wawili wakaweza kubishana kutwa nzima kila mmoja akisema kweli.

Jambo la pili: kulia ni kulia kwa mgonjwa. Wazee husema mkono wa kuume, ule wa kulia chakula. Unapomtazama mtu uso kwa uso, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Mama amemketisha mtoto mbele yake, anamwambia mganga, "Sikio la kushoto linatoka usaha," kumbe anataja kushoto kwake mwenyewe. Mshike mtoto mkono wake wa kulia kwanza, ndipo useme. Hata picha ya mionzi ya hospitali husomwa kana kwamba mgonjwa anamtazama dakitari.

Wachonga vinyago wetu wa Kimakonde hawana shida na mambo haya. Mtu aliyezoea kutoa bega, mbavu na kitovu ndani ya gogo la mpingo anajua kila kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi. Ukitaka mwalimu msaidizi wa somo hili, mwite mchongaji wa kijijini kwako.

Sasa twende kichwani, lakini hatutakaa sana. Juu kabisa ni utosi, nyuma ni kisogo, mbele juu ya nyusi ni paji la uso. Utosi wa mtoto mchanga una mahali laini ambapo mifupa ya kichwa haijaungana bado. Kwa kawaida panaziba mtoto anapopata mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi. Mahali hapo pakibonyea kama kisahani, na mtoto anaharisha au anatapika, maana yake maji yamempungukia mwilini. Pakivimba na kukaza, tena mtoto ana homa, hilo ni jambo jingine na la kutisha vile vile. Kwa hiyo mama asiseme tu, "Kichwa chake kibaya." Aseme, "Utosi umebonyea," au, "Utosi umevimba," naye apelekwe siku hiyo hiyo, huku akinyonyeshwa njiani.

Mdomo na kinywa si kitu kimoja. Bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya katika mdomo wa juu, na hakuna aliyesema ndonya iko kinywani. Mdomo ni ile nyama ya nje, wa juu na wa chini. Kinywa ni chumba cha ndani chenye ulimi, meno, ufizi na kaakaa. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, mtoto ana meno 20 ya utotoni. Mwisho wa kaakaa, ukifungua kinywa mbele ya kioo, utaona kinyama kinaning'inia. Hicho ni kilimi, wengine husema kimio. Kinyama hiki kimeonewa sana katika nchi yetu. Mtoto akikohoa majuma mawili, watu husema, "Kilimi kimeanguka," akatafutwa mkataji. Lakini kikohozi hutoka chini, katika njia ya pumzi na mapafu, na kilimi kiko juu penye mlango. Ukikikata, kifua kinabaki na ugonjwa wake, na mtoto anabaki na jeraha linalovuja damu kooni. Hapa kujua kitu kiko wapi kunatosha kumzuia mtu mwenye kisu.

Shingoni kuna njia mbili: ya mbele ni ya pumzi, ya nyuma yake ni ya chakula, nayo inaitwa umio. Mfupa unaolala kutoka chini ya shingo kwenda begani ni mtulinga. Mtu akianguka pikipiki, mara nyingi ndio unaovunjika. Kwa Kilatini mfupa huo una jina lenye maana ya ufunguo mdogo. Majina mengi ya waganga wa Ulaya ukiyafungua ndani ni vyombo vya nyumbani tu. Mfupa wa muundi, yaani ule wa mbele ya mguu unaouma sana ukijigonga kwenye kiti, Warumi waliuita filimbi. Ule wa juu ya goti walitazama wakaona kisahani; sisi tuliutazama tukaona kichezeo cha watoto, ndiyo maana unaitwa pia ya goti. Sioni kama kisahani kina elimu kuliko pia.

Mkono na mguu ndiyo maneno yanayoharibu mambo kuliko yote katika Kiswahili, kwa sababu ni makubwa mno. Mkono wetu unaanzia begani mpaka ncha za vidole, na mguu unaanzia nyongani mpaka ukucha. Mtu anayesema, "Nimeumia mguu," ni kama yule anayesema amepoteza fimbo yake kati ya Masasi na Newala. Chukua mguu kipande kwa kipande: nyonga, paja, goti, muundi mbele na shavu la mguu nyuma, kifundo cha mguu, kisigino, wayo, vidole. Mkono nao: bega, kwapa chini yake, mkono wa juu, kisugudi, kigasha, kifundo cha mkono, kiganja, vidole. Neno kiwiko lina ugomvi. Wengine wanalitumia kwa kisugudi, wengine kwa kifundo, na kamusi zenyewe hazikuumaliza ugomvi huo. Mimi nashauri ukilitumia, gusa na mahali. Mtu mzima ana mifupa 206, na katika hiyo 106, zaidi ya nusu, iko katika mikono miwili kuanzia kifundoni na nyayo mbili. Ndiyo maana "nimeumia mkono" haimtoshi mganga.

Hebu fikiri juu ya mtu aliyeumwa na nyoka akipalilia mikorosho. Wanakuja wenzake mbio: "Nyoka amemwuma mguuni!" Wapi mguuni? Penye kifundo, upande wa nje? Na uvimbe umefika wapi? Kama mna kalamu, chora mstari mahali uvimbe ulipokoma, andika na saa. Baada ya nusu saa tazameni tena, uvimbe ukipanda chora mstari mwingine. Mkifika hospitali dakitari atausoma mguu ule kama daftari: saa nne kasoro uvimbe ulikuwa kwenye kifundo, saa nne na nusu katikati ya muundi, saa tano chini ya goti. Msimfunge kamba, msimchanje, msinyonye jeraha. Mtulizeni asitembee, mguu usichezechezwe, na mumbebe.

Mgongo nao. Kuna pingili 33, ukianza shingoni: 7 za shingo, 12 zilizoshika mbavu, 5 za kiuno, kisha 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja, na vijipande 4 vya mwisho, pale unapokalia. Ndani ya pingili hizi unapita uti unaopeleka amri za ubongo mpaka vidole vya miguu. Mtu akianguka kutoka mwembeni, usimwinue kwa kumkunja kama gunia. Mlaze juu ya ubao au mlango, kichwa na kiwiliwili vikae mstari mmoja, watu wanne washike kwa pamoja. Mwulize, "Unaumwa shingo, mgongo wa katikati, au kiuno? Vidole vya miguu unaweza kuvichezesha?" Majibu hayo yapelekwe pamoja naye.

Na hapa niseme juu ya figo, maana kila mkulima aliyeinama na jembe toka asubuhi husema jioni, "Figo zinaniuma." Mara nyingi anayeuma ni kiuno, nyama na pingili zake. Figo ni mbili, ziko nyuma, juu zaidi kuliko watu wanavyodhani, chini ya mbavu za mwisho, moja huku na moja huku ya uti wa mgongo. Mtu mwenye maumivu pale, tena ana homa na mkojo unamchoma, huyo ndiye aseme "figo" kwa sauti.

Sasa tumbo. Hapa naomba mkae vizuri, maana ndipo watu wanapokufa kwa neno moja.

Tumbo ni kama shamba lenye njia mbili zinazokatana, na panapokatana ni kitovu. Chora kwa kidole mstari kutoka chembe cha moyo, kupita kitovuni, kushuka mpaka kinenani. Chora mwingine kutoka ubavu huu kupita kitovuni kwenda ubavu huu. Umepata vipande vinne vya shamba, na kila kipande kina mazao yake.

Kipande cha juu kulia ni cha ini, limejificha chini ya mbavu. Ni zito kuliko kiungo kingine chochote cha ndani, kwa mtu mzima karibu kilo moja na nusu, na chini yake kimening'inia kifuko cha nyongo. Macho yakiwa manjano, mganga hupapasa hapo.

Kipande cha juu kushoto kina tumbo la chakula, na nyuma yake, chini ya mbavu, bandama, ambayo wengine huiita wengu. Watu wa nchi ya malaria tunaijua bandama vizuri. Kwa mtu mzima wa afya ni kama ngumi, wala huwezi kuigusa kwa nje. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara bandama yake huvimba ikatoka chini ya mbavu, na zamani waganga waliotaka kujua malaria ya kijiji walipapasa matumbo ya watoto wakahesabu wenye bandama kubwa. Bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo, nayo imejaa damu. Basi wewe mzazi mwenye mkono mwepesi, na ninyi vijana mnaopigana mateke mpirani, mjue hilo. Mtu aliyepigwa ubavu wa kushoto, kisha akapauka, jasho baridi likamtoka, na akasikia maumivu mpaka begani, asiambiwe alale apumzike. Apelekwe.

Kipande cha chini kulia ni makazi ya kidole tumbo. Ni kijitu chembamba, kama kidole kweli, kimening'inia pale utumbo mpana unapoanzia. Kikipata ugonjwa, maumivu mara nyingi hayaanzii hapo. Huanza katikati, kuzunguka kitovu, na mgonjwa hana hamu ya chakula, kichefuchefu kinamjia. Kisha, baada ya saa kadhaa au siku moja, maumivu yanahama na kutulia chini kulia, na homa inapanda. Mgonjwa akisema "tumbo" tu, anaweza kurudi nyumbani na dawa ya minyoo. Au nyumbani kwake mwenyewe anapewa dawa ya kuharisha, ambayo ni mbaya zaidi. Kidole tumbo kikipasuka, usaha unamwagika ndani, na hapo hata hospitali kubwa huhangaika. Sema hivi: "Jana yalianza kitovuni, leo yamehamia chini kulia, na nikikohoa yanazidi." Sentensi moja tu, naye mganga atajua asipoteze muda.

Kipande cha chini kushoto kina mwisho wa utumbo mpana, nami nitakipita upesi. Ila katikati chini, juu ya kinena, kuna kibofu cha mkojo, na kwa mwanamke, nyuma ya kibofu, kuna mji wa mimba, wenye mirija yake ya uzazi kulia na kushoto.

Hapa watu huanza kukohoa na kutazama chini. Naelewa. Kwetu majina ya viungo hivi yalifundishwa jandoni na unyagoni, kila jinsia mahali pake, na mtu mzima hakuyatamka mbele ya mkwewe. Adabu hiyo ni yetu, wala sitaki kuivunja redioni. Lakini chumba cha mganga nacho kina adabu yake, nayo ni kusema wazi. Mama anakuja na kusema, "Naumwa huko chini." Huko chini ni wapi? Kiswahili kina maneno yasiyo ya matusi: uke, uume, korodani, njia ya mkojo, njia ya haja kubwa, mlango wa kizazi. Ukiona haya kuyasema mbele ya kijana, omba mganga wa kike, au mwombe kungwi wako akusemee, mradi yasemwe.

Maana yako mambo hayangoji. Mwanamke aliyekosa siku zake mwezi mmoja au miwili, kisha akapatwa ghafula na maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja, akasikia kizunguzungu au kuzirai, huenda mimba imekaa ndani ya mrija badala ya mji wa mimba, na mrija umepasuka. Anatokwa damu ndani, hata kama nje haionekani. Mumewe akisema zahanati, "Mke wangu tumbo linamsokota," anaweza kuambiwa asubiri zamu. Akisema, "Amekosa siku zake, maumivu ni chini kushoto, na amezirai mara mbili," hakuna atakayemwacha penye foleni.

Neno la mwisho nililoliweka akiba ni mshipa. Sijui neno la Kiswahili lenye watoto wengi kama hili. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa shingo uliokaza, na "mshipa" ule wanaume wanaoutaja kwa kunong'ona. Waganga wamegawa kazi. Ateri huchukua damu kutoka moyoni, vena huirudisha moyoni, neva hupeleka habari na amri, kano huunga nyama na mfupa. Ukishika nyuma ya kisigino utaisikia kano nene kama kamba; hiyo si mshipa wa damu.

Na kwa habari ya ule wa kunong'ona, wanaume wawili wanaweza kufika zahanati asubuhi moja, kila mmoja akasema, "Nina mshipa." Mmoja ana busha, yaani maji yamejaa katika mfuko wa korodani, ugonjwa ulio mwingi katika pwani na kusini yetu na mara nyingi chanzo chake ni minyoo midogo inayoletwa na mbu. Mwingine ana ngiri: utumbo umepata mahali dhaifu penye kinena ukapenya na kushuka. Wote wawili wanafaa kupasuliwa, lakini yule wa kwanza anaweza kupangiwa siku. Wa pili, kama uvimbe umekuwa mgumu, haurudi ndani, unauma, naye anatapika, hana siku ya kungoja. Utumbo umebanwa, damu haipiti, unakufa. Na yote mawili jana yalikuwa na jina moja tu.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 nchini Tanzania walikaa kwa makundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Wazee wengine wanaosoma karatasi hii walikuwamo. Nawaomba makundi yetu yafanye vile vile kwa somo hili, ila safari hii hakuna jembe.

Kazi ya juma hili ni hii. Kaeni wawiliwawili. Mmoja awe mgonjwa, achague mahali moyoni mwake bila kugusa, aseme kwa maneno tu anaumwa wapi. Mwenzake aweke kidole mahali hapo juu ya mwili wake mwenyewe. Kidole kikikosea, msicheke sana. Tafuteni ni neno gani lililopoteza njia. Kisha kila mtu aende kwa mzee wa nyumbani kwake, amwulize majina haya kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao: chembe cha moyo, kinena, muundi, kigasha, utosi, bandama, nyonga, mtulinga. Yaandikwe kwenye daftari, Kiswahili upande wa kushoto, lugha ya nyumbani upande wa kulia. Pale ambapo mzee atasema hakuna neno, au neno moja lina kazi mbili, pigeni mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Nakala moja mwalimu wa kundi ampelekee mganga wa zahanati iliyo karibu.

Bibi yule niliyemsemea vibaya, nilipomwendea na daftari langu, alinipa majina kumi na moja. Alipofika penye chembe cha moyo hakutamka neno. Alinishika kidole, akakiweka pale pale chini ya kifua chake, akakibana.